Gitaa la Samani

Lameck, fundi samani wa Ipinda, alikaa na shukrani moja moyoni miaka kumi na minne bila kupata pa kuipeleka. Siku alipopata, aliipeleka na msasa namba themanini.

Shukrani yenyewe ilikuwa ya Mzee Andongwisye, mpiga gitaa. Tuanzie hapo, maana bila hapo mtamwona Lameck mjinga tu, na mjinga hakuwa. Alikuwa mtu mwenye moyo mkubwa kuliko masikio.

Alimwoa Stella, mwalimu aliyeletwa na serikali kutoka Handeni kuja kufundisha Ngonga. Harusi ikaangukia mwezi wa nne, na mtu anayeoa mwezi wa nne huku Kyela ni mkaidi. Mvua ilinyesha wiki nzima. Watu wa Stella walikuwa wamesafiri siku tatu, wakaketi chini ya turubai lao na kununa. Watu wa Lameck nao wakaketi chini ya lao na kununa vilevile, kwa kuwa walisikia bibi harusi hajui hata kumsalimu mkwe kwa Kinyakyusa. Katikati pakabaki uwanja mtupu wa matope. Tumaini lote lilikuwa bendi ya chama cha ushirika, ije iwachanganye watu. Saa saba ikaja habari kwamba daraja limekwenda na maji, lori la bendi limekwama ng'ambo, wapigaji wamegeuza.

Waligeuza wote isipokuwa mmoja. Saa tisa alitokea Andongwisye peke yake, suruali ameikunja mpaka mapajani, gitaa jekundu liko kichwani ndani ya mfuko wa mbolea. Amplifaya aliiacha kwenye lori. Sasa, gitaa la umeme bila umeme ni kitu gani? Halina tumbo la kukuzia sauti, ni ubao mtupu wenye nyuzi. Ukilipiga hivyo hivyo, husikika kama mtu anayejisemea chumba cha pili. Andongwisye aliomba kiti, akakiweka katikati ya yale matope, akaanza kupiga, na aliyetaka kusikia ilimbidi asogee. Watu wa Handeni wakasogea, watu wa Ipinda wakasogea, mpaka mama yake Lameck akajikuta amemshika bega mama yake Stella asije akateleza. Ikawa harusi. Jua lilipotua Andongwisye akala wali wake kwa kuku, akakataa kupokea kingine chochote, akavuka mto kurudi kwao.

Deni la namna hiyo utalilipa kwa nini? Lameck alimchongea stuli, mzee akasema anazo mbili. Akamtengenezea mlango, mzee akampa mjane wa jirani. Mwisho Lameck akaacha kujaribu, lakini kila alipomtazama Stella akisahihisha madaftari mezani alikumbuka kile kiti katika matope.

Miaka ikapita, dunia ikageuka, ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakajaa sabuni za kunukia. Redio kaseti zikavuka mto Songwe kutoka Malawi juu ya baiskeli, na mwenye redio moja na spika mbili akajiita bendi. Chama cha ushirika kikafumba macho. Wapigaji waliambiwa kila mtu achukue chombo chake kiwe kiinua mgongo, na Andongwisye akaenda nyumbani Talatala na gitaa lake. Akalipiga kwenye harusi mbili tatu, kisha kimya. Kwa Lameck, lakini, ruksa ilikuwa neema. Kila mtu alitaka makochi, kabati la vyombo, meza ya kioo, na vyote ving'ae. Kisichong'aa hakikuitwa maendeleo.

Mwaka wa tisini na tatu kiharusi kikampiga Andongwisye upande wa kushoto. Alipelekwa Mbeya kwa dada yake, awe karibu na hospitali, akakaa huko miezi mitano. Ndipo ikaja ile barua.

Iliandikwa na Lazaro, mpwa wake, aliyekuwa akipanda Mbeya na magari ya mchele. Mzee alisema, Lazaro akaandika. Na Lazaro, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa Mnyakyusa kamili wa ulimi: z kwake ni s, r kwake ni l, na alivyotamka ndivyo alivyoandika. Si la kumcheka. Kinyakyusa hakina hiyo z, na ulimi hautoi usichopewa na mama. Hata Andongwisye ujanani aliimba "mpensi wangu" mpaka kiongozi wa bendi, mtu wa Lindi, akamnyoosha kwa kumgonga utosini na kijiti cha ngoma. Barua ilisema hivi:

"Mjomba anasidi kupata nafuu. Mse anasema gitaa lake apelekewe Lameck alitengenese, liwe la samani. Akiludi alikute sebuleni. Salamu sa mwisho kwa wote."

Elizabeth, binti wa mzee, ndiye aliyeileta barua pamoja na gitaa, akaviweka juu ya meza ya randa na kwenda zake sokoni. Lameck akasoma. "Mse" aliisoma mzee bila kukwaa, kama sisi sote. "Akiludi" ikapita. Lakini "samani" ilikuwa imeandikwa juu ya mlango wake kwa rangi nyeupe, herufi za futi moja moja: LAMECK FUNDI SAMANI. Neno hilo hakuliona kosa. Lilikuwa lake.

Akalitazama gitaa. Maskini, lilikuwa limechoka. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka kila mahali. Pale juu mkono wa kulia ulipolalia kwa miaka ishirini na zaidi, ubao ulikuwa umelika ukabonyea, mweupe kama mfupa. Nyuma palichubuliwa na kifungo cha mkanda. Kumbe mzee ameona aibu, akawaza Lameck, anataka akirudi alikute linafanana na mambo ya leo. Na kati ya mafundi wote amenichagua mimi. Alitoa machozi, msimcheke, akayafuta kwa mkono wenye vumbi la mbao.

Stella alikuwa Mbeya wiki tatu kwenye mafunzo ya walimu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Lameck alisimamisha kabati la watu lililokuwa nusu, akafungua nyaya na vile visumaku vinavyonasa sauti, akaanza kazi. Alikwangua rangi yote mpaka ubao. Pale palipobonyea alipajaza kwa unga wa mbao na gundi, akapapiga msasa mpaka mkono haukuona bonde. Mikwaruzo yote aliifuta. Kisha vanishi, mkono wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Alipomaliza ungeweza kujitazama na kuchana nywele. Akaliweka dirishani, na wapita njia wakalisifu, mmoja akauliza kama kuna meza ya kufanana nalo.

Siku kumi na mbili lilikaa pale liking'aa. Siku ya kumi na mbili Stella akarudi.

Alisimama mlangoni na mkoba begani. Akaliangalia gitaa, akamwangalia mumewe anayecheka kwa furaha, akaomba kuona barua. Aliisoma mara moja tu. Kisha, kwa mazoea, akatoa ile kalamu yake nyekundu: anasidi, anazidi. Mse, mzee. Alitengenese, alitengeneze. Alipofika kwenye neno la samani kalamu ikasimama.

"Baba Lusungu," alisema taratibu, "hapa si samani. Ni zamani. Mzee anataka gitaa liwe la zamani."

Lameck aliketi juu ya kochi la mteja lisilo na sponji bado. Stella akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kugomba. Alimwona mzee kule Mbeya, alikwenda kumjulia hali. Vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukunja, anashika kikombe. Bila shaka anataka kurudi kupiga, na mkono uliosahau njia hutafuta alama zake za zamani: hapa palipolika, hapa palipochubuka. Ndiyo maana akasema liwe kama lilivyokuwa. Na alama zote, Lameck amezipiga msasa.

"Shukrani ya punda ni mateke," alisema Lameck. "Mtu kanivukia mto. Mimi nimemfutia njia."

Usiku huo hakula. Si kwamba aliogopa kugombezwa, maana Andongwisye hakuwa mtu wa kugombeza. Aliogopa kitu kimoja tu: mzee atakaa kwenye kiti chake, ataweka mkono, mkono hautapata pa kukaa, naye atasema asante kwa upole na kuliweka chini moja kwa moja. Hapo ndipo angekufa mpiga gitaa, na muuaji ni fundi samani. Asubuhi akamwambia mkewe kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Stella, aliyekuwa akifunga kilemba chake, akajibu kwamba mtoni bado yamo, achote mengine. Mzee angerudi baada ya siku tisa.

Basi Lameck akaamua kulizeesha gitaa, na hapo ndipo alipogundua kwamba maisha yake yote amesomea kufanya vitu viwe vipya. Alinunua rangi nyekundu kwa fundi baiskeli, akapaka, ikakauka vizuri, gitaa likaonekana limetoka dukani jana. Akalichapa na mnyororo wa baiskeli. Likaonekana gitaa la jana lililochapwa na mnyororo.

Akaenda kwa Hebroni, muuza mitumba, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hebroni alimvuta nyuma ya kibanda na kumwonyesha siri iliyomwaibisha na kumpa ulaji kwa wakati mmoja. Alikuwa na rundo la mashati mapya kutoka ng'ambo ya Songwe, na hakuna aliyeyataka. Siku hizo kipya kilikuwa karatasi, ukikifua mara mbili kinakuaga. Watu walitaka mtumba, maana mtumba umevaliwa na mwenzako miaka mitano na haukufa. Kwa hiyo Hebroni aliyafua mashati yake mara kumi kwa maji ya majivu, akayasugua kola kwa jiwe, akayakunja kunja na kuyatumbukiza kwenye robota. Yakaisha asubuhi moja. Lameck alipouliza siri ni nini, Hebroni akasema siri ni kutosugua kila mahali. Lisugue pale tu ambapo mwenyewe angelisugua. Mtu hachakazi nguo nzima, huchakaza kiwiko.

Maneno hayo yalimwingia Lameck. Akaketi akifikiri mkono wa Andongwisye ulilala wapi, akakumbuka lile bonde alilolijaza kwa mikono yake mwenyewe. Lile alilijua kwa inchi na nusu inchi. Lakini bonde lile halikuchimbwa kwa tupa, lililika polepole, na tupa huacha kingo. Alijaribu pembeni ya ubao mwingine mara tatu, mara tatu akauona uongo wake.

Aliyemwokoa ni Beatrice, mwenye mashine ya kukoboa. Lameck alikwenda pale kuomba pumba za kusugulia, akaona mfereji wa mbao ambao mchele hutokea. Miaka kumi mchele ulikuwa umepita juu ya ubao ule, na ubao ulikuwa umebonyea laini, mweupe, bila kingo. Alipitisha kiganja, na kiganja chake kikalitambua lile bonde.

Akamwambia Beatrice kisa chote bila kujificha. Beatrice, mwanamke mnene asiyependa kupotezewa muda, alizima mashine mbele ya foleni ya wateja, akamsaidia kulifunga gitaa kwa kamba chini ya mdomo wa mfereji, upande wa bonde juu, akawasha tena. Ulikuwa msimu wa mavuno, magari yalipanga mstari kutoka Ngonga mpaka Talatala. Siku nne mchele wa wilaya nzima ulipita juu ya gitaa la Andongwisye, ukila ule unga wa mbao na gundi, ulio laini kuliko ubao. Wateja waliuliza kulikoni, wakaambiwa, na kila aliyeambiwa alikumbuka kitu.

Beatrice mwenyewe alikuwa wa kwanza. Alisema palikuwa na alama ya kuungua hapo chini, harusi yake, kibatari kilimwangukia mzee na hakuacha kupiga. Lameck akachukua kalamu ya seremala akapaweka duara. Baba mmoja wa Ngonga akasema kona hii ilimeguka siku jukwaa lilipovunjika sherehe za sabasaba, mzee akaanguka amelikumbatia kama mtoto. Mwingine akasema hapana, ni kona ile. Lameck akaweka duara kote kuwili. Mama mmoja alitembea kutoka Talatala na mwanawe aliyekwisha ota ndevu, akaonyesha mahali ambapo kijana huyo, akiwa wa miezi minane, alikwaruza kwa kijiko wakati mzee alipokuwa akimbembeleza kwa wimbo, baba yake akiwa ndani ya jeneza chumba cha pili. Mama yule alikaa juu ya gunia, akaligusa gitaa, akasema, "Ndaga, tata," yaani asante, baba, kwa mtu ambaye hakuwapo, akaondoka.

Kazi ilipofika mwisho alama zilikuwa kumi na saba. Lameck alizichonga moja moja, akazitia masizi na mafuta ya mawese, akalining'iniza gitaa jikoni juu ya moshi siku mbili. Nyaya na visumaku alirudisha mwenyewe, akafunga na nyuzi mpya alizoletewa na dereva kutoka Karonga. Stella alilizungusha mikononi akasema kwa hakika linaonekana limepigana vita vyote viwili vya dunia. Lakini alipofika kwenye bonde, mkono wake ukalala hapo wenyewe.

Andongwisye alirudi Jumamosi. Walimkalisha sebuleni kwake Talatala, mwembamba, fimbo kati ya magoti, mkono wa kushoto umelala pajani. Habari ilikuwa imekwisha tembea, kwa hiyo uwanja ulijaa. Lameck aliingia na Stella, gitaa limefunikwa kitenge. Alimwamkia, akapiga goti moja kama mtoto kwa baba, akaliweka mapajani pa mzee na kusema tu kwamba analirudisha kama alivyoagiza.

Mzee akafunua kitenge. Akatazama kwa muda mrefu, na watu waliojazana mlangoni wakaacha kutafuna. Akapitisha mkono wa kulia juu ya rangi, mkono ukasimama kwenye ile alama ya kuungua.

"Hii ni ya nini?"

Lameck alifungua mdomo, ikatoka kweli. Hakuweza kumdanganya mtu yule. Alieleza habari ya msasa na vanishi mikono sita, ya kalamu nyekundu, ya mashine na mchele, na kwamba hiyo ni ya kibatari, harusi ya Beatrice. Mzee akasema harusi ya Beatrice alipiga gitaa la kuazima, hili lilikuwa limekatika shingo. Beatrice akauliza kutoka mlangoni, basi ule moto aliouona yeye ulikuwa wa nini, na watu wakaangua kicheko. Mzee akaenda kwenye kona zilizomeguka. Sabasaba aliyoanguka alikuwa ameshika soda. Akaenda kwenye ule mkwaruzo wa kijiko, akauliza, akaambiwa. Hapo hakusema kama ni kweli au si kweli. Akauacha mkono pale.

Alipomaliza zote kumi na saba, machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta kwa kuwa mkono mzima ulikuwa na kazi.

"Karibu zote za uongo," alisema. "Nami nililala kule Mbeya nikijua mmenisahau. Lakini mtu humsingizii usiyemkumbuka."

Kisha akaomba ile barua. Stella alikuwa nayo kwenye mkoba, akampa, na akamsomea kwa sauti, pamoja na masahihisho yake. Mzee alisikiliza kichwa kimeinama. Stella alipofika mwisho, mzee akatabasamu upande mmoja, ule uliomtii.

"Mwalimu," alisema, "mse ni ya Lazaro. Anasidi ni ya Lazaro. Hiyo moja ilikuwa yangu. Nilipigwa utosini miaka miwili kwa ajili ya z, kiharusi hakiwezi kuichukua. Nilisema samani."

Stella alishika mdomo.

Mzee akaeleza bila kujihurumia. Mkono ulipokufa aliona basi, na gitaa nalo lipumzike. Hakutaka kulikuta likimngoja na rangi yake ileile na bonde lake lileile, likimuuliza kila asubuhi. Alitaka lifanywe kama kabati. Lisimame sebuleni ling'ae, wageni walisifu, Elizabeth alifute vumbi Jumamosi. Ndiyo maana akaagiza kwa fundi samani na si kwa mwingine.

Lameck alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo lilikuwa tayari, tata. Siku kumi na mbili lilikaa dirishani kwangu jinsi ulivyotaka."

"Likawa tayari," alisema mzee. "Ukanipa nilichoomba, halafu ukaninyang'anya. Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo."

Akaunyanyua mkono wa kulia akaulaza juu ya gitaa, na ukaanguka ndani ya lile bonde la mpunga. Akafumba macho. Akasema hapa ni penyewe, nani ameufundisha mchele kupiga gitaa. Ule wa kushoto aliusaidia kwa kuusukuma na goti mpaka ukafika shingoni. Vidole vitatu vililala tu. Viwili, cha shahada na cha kati, vikatambaa, vikatafuta uzi, vikaukosa, vikatafuta tena.

Amplifaya haikuwapo, iliuzwa zamani. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo na ina mikwaruzo, noti moja, kisha ya pili baada ya kitambo, kama mtu mzima anayejifunza kusoma. Waliokuwa mlangoni wakaingia ndani. Waliokuwa uwanjani wakaja mlangoni na madirishani. Beatrice alisukumwa mpaka akashika kabati. Lameck alihisi mkono begani mwake, akageuka, ni Stella, amejishikiza asiangushwe na watu, na wote wawili wakakumbuka matope. Lameck akalia waziwazi. Miaka kumi na minne alikuwa akitafuta namna ya kumlipa yule mzee, na leo mzee alikuwa akimwongezea deni, naye akalipokea kwa furaha.

Lazaro alikuwa amebanwa nje ya dirisha, hasikii vizuri. Wenzake nyuma yake wakamuuliza mzee anapiga nini. Akatega sikio, akasubiri noti mbili tatu, uso ukamfunguka.

"Ni ile yake ya samani," akawaambia.

Mwalimu Stella alikuwa karibu kabisa na dirisha, na alimsikia vizuri. Hakumsahihisha.